Kuandaa Nyumba Ndogo ya Kupangisha Nyanda za Juu Kusini: Anza na Unyevu na Baridi

Huku kwetu mpangaji hahami kwa kukosa marumaru. Anahama kwa sababu godoro lina unyevu, nguo za kabatini zimeota ukungu, kikohozi cha mtoto hakiishi, na bati linamdondoshea maji alfajiri hata siku isiyo na mvua. Wenye nyumba wengi hawaambiwi hayo. Mpangaji anasema amepata uhamisho, anakabidhi ufunguo, na mwenye nyumba anapaka rangi ya krimu juu ya ukuta uleule uliolowa ili mwingine aje.

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba ndogo: vyumba viwili vitatu vya uani, chumba na sebule, au nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoachiwa na wazazi Ilomba, Uyole, Kihesa, Ipogolo au Makambako. Pesa yake ni ya kuhesabu, kwa hiyo mpangilio wa matumizi ndio utakaoamua kama kazi itadumu. Pesa ya kwanza iende kuzuia maji na baridi. Ya pili iende kwenye umeme, choo na maji ya kutumia. Ya mwisho ndiyo ya mwonekano. Anayeanza na mwonekano hupaka rangi kila mwaka.

Hatua ya 1: Kagua wakati wa mvua, fanya kazi kiangazi

Mvua za huku ni za msimu mmoja; zinaanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Tukuyu na sehemu kubwa ya Rungwe ni habari nyingine, kwa kuwa kule mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na miezi mikavu ni michache. Popote ulipo, nyumba huonyesha ugonjwa wake ikiwa imelowa. Ingia ndani Februari au Machi mvua ikiwa inanyesha, ukiwa na tochi na chaki. Zungushia chaki kila doa la maji na kila mahali ukuta ulipobadilika rangi, kisha andika tarehe. Toka nje uone maji ya bati yanaangukia wapi na yanaelekea wapi.

Halafu pitisha kiganja ukutani kuanzia sakafuni kwenda juu. Unyevu unaoanzia chini na kuishia usawa wa goti au kiuno, mara nyingi na chumvi nyeupe inayochanua kwenye lipu, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Doa linaloanzia juu na kushuka ni la paa. Ukungu mweusi kwenye kona za juu na nyuma ya kabati, mbali na bomba na mbali na bati bovu, unatokana na mvuke wa pumzi na mapishi uliogota kwenye ukuta wa baridi ukageuka maji. Kila mojawapo lina tiba yake. Pesa nyingi hupotea kwa kupaka rangi ya kuzuia maji kwenye ukuta ambao tatizo lake ni gata, ule mfereji wa ukingoni mwa bati unaokinga maji ya mvua.

Kazi yenyewe ifanyike kati ya Juni na Oktoba. Gari la mchanga linafika bila kukwama, ukuta unapata muda wa kukauka, na nyumba inakuwa tayari vyuo vinapofunguliwa kuanzia Oktoba, wakati wanafunzi wa MUST na TEKU upande wa Mbeya, Mkwawa na RUCU upande wa Iringa, wanapozunguka na madalali kutafuta vyumba. Kuna angalizo la baridi: Juni na Julai usiku wa Njombe, Makete na Mafinga ni mkali, na simenti hukomaa polepole mahali pa baridi. Fundi aanze kupiga lipu jua likishatoka na aache mapema mchana, na kazi imwagiliwe maji walau siku 7 ili isikauke upesi ikapasuka.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kuita fundi

Chukua mfano wa chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Kikikaa tupu miezi mitatu kila mwaka kwa sababu wapangaji hawadumu, umepoteza 180,000 kila mwaka, na hiyo ni pesa ambayo haionekani kwa sababu haikuwahi kuingia mfukoni. Sasa weka pembeni gharama ya dari. Tuseme ni 400,000. Ikikuzuilia miezi hiyo mitatu ya utupu na kukuruhusu kuongeza kodi kwa 10,000, mwaka mmoja umerudisha 300,000. Marumaru za sebuleni kwa gharama ileile hazifanyi hivyo ikiwa chumba bado ni baridi na kinavuja. Fanya hesabu hii kwa kila kitu unachotaka kununua, ukitumia kodi halisi za mtaa wako, na ulize wapangaji wa jirani wanalipa kiasi gani. Usitegemee kauli ya dalali peke yake, maana naye ana lake.

Kama unataka kuongeza chumba, kuvunja ukuta au kubadili paa zima, pitia kwanza halmashauri yako upate kibali cha ujenzi. Kuziba matundu, kupiga lipu na kupaka rangi ni matengenezo ya kawaida, lakini ukuta mpya bila kibali unaweza kuwekewa alama ya X na pesa yako yote ikaishia hapo.

Hatua ya 3: Paa na gata

Bati la zamani mara nyingi bado lina uhai, ila misumari imechoka. Panda na fundi muangalie mambo matatu. Kwanza, msumari umepigwa wapi. Kwenye bati la mawimbi msumari hupigwa juu ya mgongo wa wimbi. Uliopigwa bondeni, ambako maji yanapita, utavuja hata ukiwa mpya. Pili, mpira wa msumari. Ukishakauka na kupasuka, ng'oa msumari na uweke mwingine mnene kidogo wenye mpira mpya, au skrubu za bati, kwa kuwa zinashika mbao vizuri zaidi upepo unapovuta. Tatu, mpishano. Bati linapaswa kulala juu ya jingine kwa upana wa kiganja kizima kuelekea chini ya mteremko, yaani sentimita 15 au zaidi, na kofia ya bati ifunike vizuri pande zote mbili za kilele.

Bati lenye kutu iliyokula hadi tundu libadilishwe. Kulipaka lami ni kuahirisha tu. Unaponunua jipya, kumbuka kwamba geji ndogo ndiyo bati nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Huku kwenye upepo wa milimani na mvua ya mawe, tofauti ya bei ya 28 inajilipa yenyewe. Mbao za kenchi, yaani zile zinazobeba paa, zikiwa zimeoza kwenye ncha, ambako ndiko zinakoanzia kuoza, zikatwe na kuungwa kwa mbao kavu iliyotiwa dawa. Mbao za paini kutoka Mafinga zinapatikana kila mahali, ila nyingi huuzwa mbichi. Ukiipigilia mbichi itajipinda ikikauka, na bati litafuata.

Gata huonekana kama anasa kwenye nyumba ndogo. Kwa matofali yetu ya kuchoma ni lazima. Maji yanayoanguka kutoka kwenye bati yanapiga ardhi, yanaruka na tope, yanalowesha sehemu ya chini ya ukuta msimu mzima, na ndani ya miaka michache tofali linaanza kumung'unyuka. Gata iwe na mteremko mdogo, kama sentimita moja kwa kila mita mbili, kuelekea kwenye bomba la kushushia. Na maji hayo ni mali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 50 mvua ya milimita 20 linaweza kukupa karibu lita 1,000, simtank nzima ya kufulia, kwa mchana mmoja.

Hatua ya 4: Ukuta na maji ya ardhini

Hapa ndipo nyumba za Mbeya, Iringa na Njombe zinapotofautiana na za Pwani. Nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, si simenti, na nyingi za zamani hazina nailoni juu ya msingi ya kuzuia maji yasipande. Ukizijua zilivyo, utazirekebisha kwa gharama ndogo.

Anzia nje. Pima ardhi ya nje iko wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani. Miaka ya kufagia, kumwaga taka na kulima maua huinua udongo hadi ukafika usawa wa sakafu au kuupita. Chimba uushushe walau sentimita 15 chini ya sakafu, kuzunguka nyumba nzima. Kisha mwaga zege jembamba lenye upana wa sentimita 60 hadi mita moja kuzunguka ukuta, likiinamia nje, na kando yake chimba mfereji unaopeleka maji mbali. Viwanja vya miteremko, kama vya Isanga, Iyela au Gangilonga, vinahitaji mfereji wa juu pia, nyuma ya nyumba, ili maji ya mlimani yageuzwe kabla hayajagonga ukuta. Kazi hii ya jembe na toroli ndiyo nafuu kuliko zote, na ndiyo inayokausha nyumba kuliko rangi yoyote ya dukani. Angalia tu maji unayoyageuza yasiende kwa jirani, maana huko ugomvi huanza.

Baada ya hapo, uache ukuta ukauke. Bandua lipu iliyooza sehemu ya chini hadi kama nusu mita juu ya pale unyevu ulipoishia, piga brashi kavu chumvi yote itoke, na uache wazi wiki kadhaa za kiangazi. Fundi asiyetaka kusubiri atakwambia lipu mpya itafunika. Haitafunika, itasukumwa na maji yaliyobaki nyuma yake.

Kwenye viungo vya udongo, chokonoa udongo uliolegea kwa kina cha sentimita 2 hivi, lowesha kidogo, kisha jaza. Hapa usitumie simenti kali. Lipu yenye simenti nyingi ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake, na ukuta wa udongo unapocheza kidogo, lipu inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki. Mchanganyiko wa simenti 1, chokaa 1 na mchanga 6 ni laini zaidi, unashika tofali vizuri, na unauacha ukuta upumue. Ukuta wa tofali za simenti unaweza kupokea lipu ya kawaida ya simenti 1 kwa mchanga 4 au 5. Mchanga uchekechwe, na uwe wa mtoni usio na udongo. Ukisugua kiganjani ukaacha doa la tope, urudishe.

Nyufa nazo zisomwe kabla ya kuzibwa. Ufa mwembamba wa nywele kwenye lipu ni wa kukauka tu. Ufa unaokwenda kama ngazi kwenye viungo, mpana juu kuliko chini, maana yake msingi umeshuka upande mmoja. Tafuta maji yanayolainisha ardhi hapo, mara nyingi ni karo la kufulia au bomba linalovuja. Eneo letu liko kwenye Bonde la Ufa na matetemeko madogo si mageni, kwa hiyo nyumba isiyo na linta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inayozunguka kuta zote ishughulikiwe na fundi mzoefu kabla hujaiongezea uzito wowote juu.

Ukungu wa ukutani uoshe kwa klorini ya dukani, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, madirisha yakiwa wazi na glavu mkononi, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo.

Hatua ya 5: Dari, madirisha na jiko la mkaa

Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Chumba kisicho na dari hupoteza joto lote kwenye bati usiku. Watu wawili wakilala, mvuke wa pumzi yao unapanda, unagusa bati lililopoa, na alfajiri unatona kitandani. Mpangaji anadhani paa linavuja, anakuita, unapanda juu huoni tundu. Dari ndiyo tiba, na nafasi kati ya dari na bati iwe na matundu madogo ya hewa chini ya paa ili unyevu utoke.

Jipsamu ni nyeupe na inapendeza, lakini maji yakiigusa inavimba na kuanguka, hivyo isiwekwe kabla ya msimu mmoja wa mvua kuthibitisha kwamba paa halivuji. Mbao nyembamba za paini zilizokaushwa vizuri zinahimili zaidi, zinashika joto, na kwa bei za huku hazitofautiani sana na jipsamu. Mimi ningechagua mbao kwa Tukuyu, Makete na Njombe bila kusita, na jipsamu kwa Iringa mjini ambako mvua ni kidogo.

Madirisha ya luva, yale ya vioo vilivyopangwa kama ngazi, yalifaa Pwani. Huku hayafungi kabisa, na upepo wa Julai unapita usiku kucha. Yabadilishe kwa dirisha la kioo kizima lenye fremu ya mbao au ya alumini, na ziba kwa silikoni mwanya wote kati ya fremu na ukuta. Chini ya mlango pigilia kipande cha mpira kinachogusa sakafu. Kama unajenga chumba kipya, kumbuka tuko kati ya nyuzi 7 na 10 kusini mwa ikweta; miezi ya baridi jua liko upande wa kaskazini. Dirisha kubwa likitazama kaskazini au mashariki, chumba kinapata joto bila gharama yoyote.

Sasa jambo ambalo kila mwenye nyumba wa huku analijua na wachache wanalifanyia kazi. Kila msimu wa baridi kuna familia inayoingiza jiko la mkaa chumbani, inafunga mlango na madirisha, na haiamki. Mkaa unapoungua kwenye hewa chache hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Jiko likishapungua moshi ndipo watu hudhani ni salama, na gesi hiyo bado inatoka. Kumwambia mpangaji asiingize jiko ni lazima, lakini haitoshi kama chumba chako ni barafu na hana mahali pa kupikia mvua ikinyesha. Wajibu wako una sehemu tatu: ukipe chumba joto kwa dari na madirisha yanayofunga, uache matundu ya hewa ya kudumu juu ya dirisha au mlango, yenye wavu, ambayo hayawezi kuzibwa kwa urahisi, na ujenge kibanda cha kupikia chenye bati na ukuta wa upande wa upepo, karibu na milango, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya mvua na chumba. Kibanda cha mita mbili kwa mbili kinatosha vyumba vitatu. Kwa maoni yangu chumba kisicho na matundu ya hewa kisipangishwe kabisa.

Hatua ya 6: Umeme na maji ya moto

Mtumie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Aangalie waya zilizounganishwa kwa tepu tu, soketi zilizolegea, na zaidi ya yote ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwa sababu nyumba nyingi za uani ziliunganishwa kwa kuvuta waya kutoka nyumba kubwa na ethi ikaachwa. Weka soketi mbili kila chumba, moja upande wa kitanda. Chumba cha futi 10 kwa 10 kikiwa na kitanda cha tano kwa sita kina ukuta mmoja tu huru, kwa hiyo fikiria kitanda kitalala wapi kabla ya kutoboa.

Watu wa huku wanataka maji ya moto, na hita ya kuogea ni kivutio kikubwa cha kupangisha chumba chenye choo ndani. Lakini hita ya wati 5,000 hula zaidi ya ampia 21. Waya wa milimita 2.5 unaotumika kwenye soketi za kawaida si wake. Ipewe waya wake wa milimita 4 au 6 kutoka kwenye meinswichi, breka yake, ethi ya uhakika, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Bila hivyo usiifunge. Mtu amesimama kwenye maji.

LUKU moja kwa vyumba vitatu ni chanzo cha ugomvi usiokwisha. Omba TANESCO mita zaidi ikiwezekana. Vinginevyo funga sabmita, yaani mita ndogo ya ndani, kila chumba ili kila mmoja ajue alichotumia.

Hatua ya 7: Choo, bafu na maji

Choo cha shimo kikijengwa vizuri si aibu. Kiwe na sakafu inayosafishika, mlango unaofunga kwa ndani, na bomba la hewa la inchi 4 linalopita juu ya paa likiwa na wavu kwenye mdomo. Harufu inapungua na nzi wanakwama. Shimo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima. Acha mfuniko unaofikika na njia ambayo mpira wa gari la kunyonya majitaka unaweza kufika, kwa sababu siku ya kujaa itafika.

Simtank ya lita 1,000 ikijaa ina uzito wa tani moja. Isiwekwe juu ya mbao wala ukuta wa tofali za udongo. Ijengewe nguzo za zege au mnara wa chuma wenye miguu iliyochimbiwa. Bafu liwe na sakafu inayoinamia kwenye tundu la maji, maana huku wengi huoga kwa ndoo ya maji ya moto na maji yakituama asubuhi ya Julai hakuna atakayelipenda.

Hatua ya 8: Sakafu, mlango, rangi

Sakafu ya simenti 1 kwa mchanga 3 iliyopigwa niru inatosha chumba cha kulala, na mpangaji ataweka kapeti. Marumaru ni baridi miguuni. Pesa yake ipeleke bafuni na jikoni, na chagua zisizoteleza.

Mlango wa nje uwe wa mbao ngumu au chuma, na kitasa kibadilishwe kila mpangaji anapoondoka. Ni gharama ndogo na inamfanya mpangaji mpya alale bila wasiwasi.

Rangi ndiyo ya mwisho kabisa. Lipu mpya iache karibu mwezi mzima kabla ya kupaka, Njombe na Makete hata zaidi, na usipake asubuhi ukungu ukiwa umetanda. Nje, sehemu ya chini ya ukuta kiasi cha futi tatu ipakwe rangi ya mafuta ya kijivu au kahawia, kwa sababu tope la huku ni jekundu.

Hatua ya 9: Bei, mkataba na kodi

Panga bei baada ya kutembelea vyumba vitano hivi vya mtaa huohuo vyenye hali kama ya chako. Chumba kikavu chenye dari, sabmita na kibanda cha kupikia kinaweza kuwa juu kidogo ya vya jirani, nawe waeleze wapangaji kwa nini. Waonyeshe gata, waonyeshe matundu ya hewa. Wanafunzi wanapenda kulipa kwa muhula, watumishi kwa miezi mitatu au sita. Kodi ipokelewe kwa simu au benki ili kila upande ubaki na ushahidi.

Mkataba uandikwe hata kwa ndugu. Utaje kiasi cha kodi na tarehe, muda wa taarifa ya kuhama kwa pande zote mbili, nani anatengeneza nini, idadi ya watu, na katazo la jiko la mkaa ndani ya chumba likiwa peke yake kwenye mstari wake. Mpeleke mpangaji kwa mwenyekiti wa mtaa ajitambulishe. Mkigombana na kushindwa kusuluhishana, baraza la kata hupatanisha, na uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mkataba wa maandishi ndio utakaosema.

Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021, na kuanzia 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini deni ni la mwenye nyumba, kwa hiyo mrudishie au mpunguzie kwenye kodi ya chumba, na iandikwe. Pango nalo lina kodi ya zuio ya asilimia 10. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi ataikata mwenyewe kabla ya kukulipa, hivyo iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Siku ya kukabidhi, zungukeni pamoja chumba kizima. Pigeni picha kuta, dari, soketi, kitasa na choo, someni sabmita, andikeni namba, wote wawili mtie sahihi. Mwonyeshe breka iko wapi na koki kuu ya maji inafungwaje. Mpe namba ya fundi bomba na ya fundi umeme, na mwambie akupigie siku ileile atakapoona doa la maji, hata likiwa dogo kama sarafu, maana msumari mmoja ukishughulikiwa Desemba ni kazi ya saa moja, na ukiachwa hadi Aprili ni dari nzima.